Safu ya Mengineyo

Kitabu cha MTUHA kina safu nyembamba
mwisho kabisa, karibu na mshono,
imeandikwa Mengineyo.
Humo ndimo tulimowatupa:
asiyelala, asemaye na taa,
aliyekaa siku tatu juu ya mtumbwi uliofudikizwa
akihesabu vidole vyake, havitoshi.
Homa ina safu yake. Kuhara kuna safu yake.
Hata kung'atwa na mbwa.

Mimi ni karani. Si daktari, si mganga.
Kazi yangu kalamu ya bluu na rula,
na kufunga hesabu kabla wilaya haijapiga simu.

Kliniki ya akili ilikuwa Jumanne ya pili.
Muuguzi Leticia hushuka toka mjini na kisanduku cha dawa,
hukaa mpaka saa nane, hurudi nacho kizito vilevile.
"Watu wa Kayenze," alisema siku moja, akikung'uta mchanga viatuni,
"hawataki kupona."
Nikaandika: waliotarajiwa thelathini na mmoja, waliofika wanne.

Neno lile lilinikaa kama mwiba wa sato kooni.
Nikalimezea tonge, halikushuka.
Usiku nikatandaza vitabu vya miaka mitatu sakafuni,
mtoto akasinzia juu ya Machi,
nikahesabu.
Wanne. Wawili. Ishirini na sita. Watano.
Ishirini na tisa, Agosti. Kwa nini Agosti?
Nikatafuta mvua: siyo.
Bei ya dagaa: siyo.
Mnada wa ng'ombe, msiba mkubwa, uchaguzi: siyo.
Nikamtoa mtoto nje akojoe,
nikaona kivuli changu ukutani, cheusi, kamili,
na ziwani hakuna taa hata moja.

Mbalamwezi.

Mwezi ukiwaka dagaa hawadanganyiki na taa.
Mitumbwi hulala mchangani, wanaume wako majumbani,
wanawake hawana cha kuanika mwaloni.
Giza likirudi, ziwa lote linawaka kama mji,
na asubuhi nani ataacha beseni la dagaa wabichi juani
aende kumsimulia mgeni ndoto zake?
Sisi tulipanga kwa kalenda ya ukutani, yenye picha ya benki.
Wao wanaishi kwa ile ya juu.

Nilipiga mistari kwa rula, nukta kwa nukta,
sikuandika jina la mtu.
Bwana Lushinge wa wilayani alivua miwani:
"Mwezi hauna kisanduku kwenye fomu."
"Wande naye hakuwa nacho," nikasema.

Wande, mchambua dagaa, mwenye kicheko cha kuvuka barabara.
Alikuja mara mbili, zote siku isiyo ya kliniki.
Mara mbili nilimwandika Mengineyo kwa mkono wangu huu.
Mara ya tatu hakuja.
Lushinge hakuuliza. Alivaa miwani,
akatupa miezi mitatu ya kujaribu.

Mwezi mpevu wa kwanza walikuja ishirini na watatu.
Usinipigie makofi.
Saa tano dawa zilikwisha,
saba wakarudi mikono mitupu, mmoja akitukana,
na Leticia hakusema samahani, alisema tu
"Niongezee viti."
Nimewaandika wale saba pia. Wilaya isome.

Jioni Nkwabi alisimama mezani pangu,
kofia mkononi, harufu ya mafuta ya taa.
"Umeniandika wapi?"
Nikamgeuzia kitabu. Safu mpya, nimeichora mwenyewe,
haijanyooka sana. Namba kumi na saba.
Akaiwekea kidole.
"Wa juu yangu ni nani?"
Siwezi kukwambia.
"Na wa chini?"
Bado nafasi iko wazi.
Akatazama njia ya mwaloni,
kisha akakaa kwenye benchi, pembeni,
akaacha mahali pa mtu mmoja.