Usiku wa Thelathini

Mimi ndiye mtunza kalenda ya chumba cha wageni.
Duluth, mtaa wa kilimani, kaya kumi na tisa,
jiko moja kubwa, mashine nne za kufulia
na kitanda kimoja kipana kisicho cha mtu.

Kanuni niliziandika mwenyewe, nikazibandika mlangoni.
Kila kaya, usiku kumi na nne kwa mwaka.
Shuka ufue wewe. Sigara nje.
Mstari wa nne tumeuziba kwa wino mweusi:
ulisema watoto hapana,
mpaka wakili alipotuletea barua ya kurasa tatu,
kwamba chumba chenu ni kidogo, sawa,
lakini sheria ya makazi huingia hata humo
na haipigi hodi.
Wa tano, wanyama hapana, tuliuongezea mkia
siku Lorna, dada yake Walt, alipofika
na mbwa anayemwonea njia.

Kisha Januari akaja mama, kutoka Tanga,
na soksi za kuazima.
Siku ya kwanza walimpikia. Ya pili wakampikia tena.
Ya tatu aliamka kabla ya alfajiri, akauliza jembe liko wapi.
Ingrid akampa koleo la theluji.
Akachimba njia hadi kwenye mapipa ya taka,
halafu hadi milango ya watu asiowajua majina.

Usiku wa kumi na nne kalamu ilinitia haya.
Jina la mama, kisha vyumba vyeupe vya kalenda.
Sikuomba kitu.
Kesho yake, juu ya kopo la sabuni ya kufulia, nikakuta vikaratasi.
Ingrid: mpe usiku wangu tano.
Walt: tatu.
Delphine, ambaye hatusalimiani tangu ugomvi wa maegesho:
saba. Bila neno lingine.

Nikajumlisha. Ishirini na tisa.
Na wakili alishatuonya:
wa thelathini ukimkuta humo, huyo si mgeni,
ni mpangaji, na kumtoa ni kwa hakimu.
Nikamweleza mama. Alicheka akashika mbavu.
"Kwetu mgeni akizidi siku hupewa jembe.
Hapa akizidi hupewa haki?
Basi niacheni nilale mmoja tu."

Lakini mimi ni mtunza kalenda.
Nikamlaza sebuleni kwangu, kwenye kochi fupi,
miguu yake ikining'inia hewani
kama ya mtoto kwenye kiti cha wakubwa.
Chini, chumba kile kilikuwa kitupu,
shuka zimekunjwa pembe nne, hita inanguruma,
kinapashwa joto kwa ajili ya kanuni.
Nilishuka mara mbili kukitazama.
Sijui nilikuwa nahakikisha nini.

Asubuhi kochi lilikuwa baridi.
Koleo halikuwapo mlangoni.
Nje, njia ilikuwa imekwishachimbwa,
na safari hii
ilianzia kwa Delphine.