Geti Linanyanyuliwa Kwanza

Itzel, jina lako nimelifanyia mazoezi juu ya karai,
nikifua, Itseli, Itseli, mpaka ulimi ukalainika.
Hapa plotini watakuita Mzungu. Usinune,
wala usisimame kueleza Meksiko iko wapi,
maana fundi Ogweno ataingilia habari za mpira
na maziwa yako yatachacha mkononi.

Geti linanyanyuliwa kwanza, kama mtoto mwenye usingizi,
ndipo ufunguo ugeuke, tena kushoto.
Ukilisukuma kwa hasira utaamsha Migosi nzima.

Maji huja Jumanne, na Ijumaa yakipenda,
saa tisa usiku, mfereji ukianza kukohoa.
Ukisikia kikohozi, amka. Panga mitungi yako
nyuma ya ule wa Apondi, si mbele yake,
hata kama mwenyewe amelala fofofo.
Mtungi hapa ni mtu.

Muuza omena usimuulize bei kabla hujamuuliza ameamkaje,
atakutajia bei ya wenye haraka.
Akishajaza gorogoro, simama tu, tazama pembeni.
Nyongeza haiombwi, inangojewa.
Fundi akisema yuko njiani, bado anatafuta viatu.

Ukikaribishwa ugali, usiseme umeshiba.
Mega tonge moja. Sifu mrenda,
hata ukikuvutikia hadi kifuani kama uzi wa cherehani.

Usiku, mchanga ukimwagwa juu ya mabati,
usitoke na tochi. Sote twamjua ni nani.
Asubuhi atakusalimu vizuri; mjibu vizuri.

Mahindi ya kuchoma pale Kondele hupakwa ndimu na pilipili.
Siku ile ulipoyauma niliona umegeukia ukuta,
nikadhani ni ukali. Ukasema kwenu nako
hupakwa hivyo hivyo, ndimu na pilipili.
Basi ukizidiwa na hamu ya nyumbani,
ni shilingi thelathini, na mvuke wake bure.

Haya ungeyajua hata bila mimi.
Kilichoniketisha usiku huu ni daftari.

Litapita mlango kwa mlango kukiwa na msiba,
kalamu imefungwa kwa uzi.
Utaona majina, na mbele ya majina mia, hamsini, mia mbili.
Utajiambia: mimi mpita njia, marehemu sikumjua.
Andika.

Mimi nilitoka Wundanyi na sanduku moja na mume Mjaluo.
Mwaka wangu wa kwanza daftari lilinifikia
nikalirudisha kama lilivyokuja. Nikasema sina chenji.
Nilikuwa nayo, ndani ya sidiria.
Msiba ulikuwa wa Apondi. Kichanga, siku tisa.
Hakusema kitu. Aliendelea kunisalimu,
na salamu zake nilizipokea kama mtu anayepokea chai ya moto
bila pa kuiweka.

Miaka sita baadaye Odero wangu akatoka Russia,
ndivyo tuiitavyo hospitali kuu, akiwa amefunikwa.
Daftari langu liliporudi, jina la kwanza kabisa:
Apondi, mia tano.
Mwandiko umeinama, wa mtu aliyeandika amesimama.
Jikoni kwangu alikuwa tayari anaosha sufuria zisizo zake.

Lile daftari liko chini ya godoro.
Kila jingine likibisha, nalifungua langu kwanza,
nasoma, kisha natafuta pesa.

Miaka kumi na tisa, bado mimi ni nyar Taita.
Zamani nilisikia humo ndani mlango ukifungwa.
Siku hizi mtu akiita hivyo, nageuka,
nauliza kuna nini, naletewa mtoto nimshike.

Kwa hiyo andika. Itzel, herufi tano.
Wakishindwa kuisoma wataniuliza mimi.

Chandarua kichomeke pande zote, hasa ukutani.
Umeme ununue mapema, usingoje giza.
Ukichelewa kurudi, piga simu moja, ikate, nitashuka.
Na kama sitasikia: nyanyua,
kisha kushoto.