Koo Moja, Koo Nyingi

Kopo limekuja na pikipiki kutoka Usoke,
jina limeandikwa kwa kalamu inayokata roho:
Nyamizi Shigela, miaka ishirini na tisa, makohozi ya asubuhi.
Kopo la pili ni la mumewe, Lugembe.
Pembeni ya fomu, mwandiko wa muuguzi wa zahanati:
"Nyumba moja. Mama mkwe anadai mke ndiye kaleta."

Mwaka wa kumi na moja huu, hapa Tabora, nainamia darubini.
Wote huonekana vijiti vyekundu kwenye buluu,
njiti za kiberiti zilizomwagika.
Kijiti hakisemi kimetoka kifua cha nani.
Zamani tungeishia hapo. Chanya, chanya.
Kijijini ingetosha kuwa hukumu.

Siku hizi tunamuuliza mdudu babu yake.
Mashine inasoma herufi nne, nne tu,
zimepangwa foleni ya milioni nne na ushei,
na pale moja ilipopinda,
kama mtoto aliyekosea jina la baba daftarini,
hapo ukoo unachipua tawi.

Lugha ilituwahi.
Palipo na sauti, na mate, na kikohozi, ni koo.
Na ukoo ukizidi mmoja, ni koo.
Nilicheka peke yangu, barakoa usoni.

Huenda wengine walikuja na mapagazi,
chini ya pembe na magunia ya chumvi;
wengine na marobota ya nguo; wengine walikata tiketi.
Hapa reli huachana, Mwanza, Kigoma, Mpanda,
nao huachana,
kila mmoja na mapafu yake ya kushukia.

Majibu yalitoka Alhamisi.
Mke na mume, herufi elfu moja na zaidi baina yao.
Wamelala kitanda kimoja,
wamekohoa usiku mmoja,
kila mtu na wake.

Mdudu wa Lugembe ana ndugu kwenye jokofu letu,
sampuli ya miaka mitatu nyuma, tofauti herufi mbili.
Nikafungua rejista.
Kalunde, mjane, Usoke. Alimaliza dawa.
Mama yake.

Dereva wa pikipiki anapiga honi nje.
Nikaandika: Mke hakumwambukiza mume.
Nikapigia mstari.
Kisha kalamu ikasimama muda mrefu.
Nikaongeza: Mama naye apimwe tena. Kwa upole.
Kwa nini, sikuandika.

Wa Nyamizi nimemtafuta jedwali zima.
Hana kaka, hana shangazi, hana hata jirani.
Kwa hiyo kuna mtu,
labda kwenye bani la tumbaku, labda benchi la kanisa,
anakohoa sasa hivi, anafuta mdomo kwa kiganja,
na hakuna kopo lenye jina lake.