Bisibisi ya Pembe Tano

Nilianza kazi neno "mchina" likiwa tusi.
Kiatu kikiachama wiki ya pili: mchina.
Shemeji asipoleta mahari aliyoahidi:
huyo naye mchina, wakicheka kina mama wa mitumba.
Simu zao zilitufikia Kibuye na spika nne,
laini tatu, antena ya runinga kama sharubu la kambare,
jina la kampuni limekosewa herufi moja,
na zikilia, hata kuku wa Mama Risper waliacha kudonoa.

Mwaka ule serikali ilipozima simu bandia
watu walinijia alfajiri wamezibeba kwa mikono miwili
kama vifaranga waliokufa kwa baridi.
Zifufue, Apondi.
Sikuweza. Nilizipasua nikatoa viungo,
sumaku huku, vioo kule,
na hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Mimi husoma ndani. Wengine husoma tangazo.
Nimeona lehemu ya mwanagenzi,
mabonge kama uji uliopikwa kwa haraka,
ikilainika mwaka hadi mwaka,
nyaya zikipungua, nafasi zikibanwa,
hadi siku moja niliweka lenzi jichoni
nikaona kazi isiyo na doa.
Nikaitoa lenzi, nikaifuta kwa leso, nikatazama tena.
Aliyekuwa akinakili
sasa ameandika insha yake mwenyewe,
na hakuna aliyepiga kengele kututangazia.

Usiku, bando likiruhusu, namtazama mwanamke wa Shenzhen
katika kibanda chembamba kama changu.
Sijui asemalo. Nakijua kidole chake cha shahada:
kina kovu la moto pale pale penye langu.
Huenda mamake naye aliuliza,
utaolewa na hizo nyaya?

Redio ya jirani ilisema sasa wanautaka mwezi,
gari lisilo na dereva, mashine inayofikiri.
Je, ni rafiki au ni bwana mpya? akauliza mtangazaji.
Sikusikia jibu. Nilikuwa nabandika kioo.

Jumanne Khisa alisukuma pikipiki ya umeme
kutoka Mamboleo hadi mezani pangu.
Haina moshi, haina kelele,
na leo haina mwendo.
Jasho linamtiririka, deni la siku linamngoja saa kumi na mbili.
Betri imefungwa. Skrubu zake zina tundu la pembe tano
na soko zima halina bisibisi yenye ulimi huo.
Aliyezitengeneza hakupitiwa. Alikusudia.
Basi nao wamefika pale:
waliofungua vya watu usiku na mchana
wamejifunza kufunga.

Sikumlaumu. Mwenye mahindi huweka ua.
Nilichukua spoku ya baiskeli, nikaenda kwa Ogweno
mwenye jiwe la kunolea,
nikaichonga ikawa na pembe tano,
mbaya, za kuchekesha, lakini tano.
Ya kwanza ilivunjika. Ya pili pia.
Ya nne ikazunguka.

Ndani kulikuwa safi kama sahani ya mgeni.
Na pembeni, kwa kalamu ya bluu,
alama ya vema iliyoteleza mwishoni,
mkono wa mtu mwenye haraka, au mwenye usingizi.
Nilikaa nayo kidogo.
Mashine haisinzii.

Nikaona waya ulioliwa na unyevu wa ziwa. Nikauchomelea.
Nikawasha.
Taa nyekundu. Ikapepesa, ikapepesa,
ikimwita mtu ambaye si mimi,
aliye mbali, mwenye nenosiri.
Bado? akauliza Khisa.
Bado.
Akakaa kwenye kreti la soda, akavua kofia yake.
Nami nikafungua daftari la hisabati la mwanangu,
upande wa nyuma,
nikachora kila njia ya umeme niliyoiona,
polepole, kama mwizi, kama mwanafunzi.

Kabla ya kufunga nikachukua kalamu
nikaandika kando ya ile vema:
Apondi, Kibuye, na tarehe.
Atakayefungua baadaye,
awe wa kule au wa hapa,
ajue palifika mtu.