Humo

Dakika saba kwa mtoto mmoja.
Kadi ishirini, saa ya kupimia, penseli iliyochongwa,
nami nimekaa kwenye kiti cha darasa la kwanza,
magoti karibu yaguse kidevu,
pale Pongwe, vumbi la chokaa likitua juu ya fomu
zikawa nyeupe upya kabla sijaandika kitu.

"Soma hii."
"Ba."
"Na hii?"
"Da."
"Na hii?"
Ananyamaza. Anatazama dari, anatazama mdomo wangu
kana kwamba jibu linaweza kuvuja.
Ni ile ile ba aliyoisoma sasa hivi.

Semboja, miaka tisa. Msimulie kisa, atakirudisha chote,
na mbuzi, na bei ya mbuzi, na jina la mnunuzi.
Mpe kitabu, kitabu kinamfungia mlango.
Ripoti ya shule imemwandikia neno moja: Mzito.
Mzito kwa mizani ipi?
Miaka ishirini na sita nimelizunguka swali hilo.
Shahada zilikuja njiani.

Nimehesabu. Shule thelathini na moja za Tanga,
watoto elfu moja mia mbili na wanne,
nikiwatenga wasioona vizuri, wasiosikia vizuri.
Waliokuja na njaa tuliwapikia uji kwanza,
ndipo tukapima.
Nusu walifundishwa sauti moja moja,
kwa kidole mchangani, kwa kofi kila silabi.
Nusu waliendelea kama zamani.
Nilipoandika "kundi linganishi" mkono ulisita,
maana kundi linganishi lina majina.
Mwanakheri alikuwa kundi linganishi.
Kila Jumanne alinisubiri dirishani
akidhani zamu yake inakuja.

Dodoma. Mkurugenzi alipekua kurasa tisini
kama mtu anayetafuta noti aliyoisahau kitabuni.
"Daktari, fupisha. Ukurasa mmoja."
Nikafupisha.
"Nusu."
Waraka ulitoka mwaka wa tatu,
wakurugenzi wawili wakiwa wamekwisha kuhamishwa,
nami nikajikuta aya ya kumi na nne:
*walimu wazingatie watoto wenye ugumu wa kusoma
pale mazingira yatakaporuhusu.*
Maneno saba ya kwanza ni yangu.
Matatu ya mwisho sijui ya nani.
Hata hivyo Mwalimu Mhina aliikata aya kwa mkasi,
akaacha yale matatu yaanguke sakafuni,
akabandika saba ukutani, pale fimbo ilipokuwa ikining'inia.

Nikampelekea nakala kaka yangu Mbaruku,
karakana ya baiskeli, Makorora.
Yeye huijua baiskeli kwa mlio kabla haijakata kona.
Aliacha shule darasa la tatu,
siku aliyosimamishwa juu ya dawati asome *ng'ombe*
akasoma *ngoma*,
na darasa zima likaipiga hiyo ngoma kwenye madawati.

Akafuta grisi. Akaligusa jalada kwa mgongo wa mkono.
"Nisomee nilipo mimi."
Nikafungua jedwali la nne. Safu, wastani, asilimia.
Nikapitisha kidole. Nikapitisha tena.
"Humo," nikasema,
na Kiswahili hakikunisaidia: akadhani nimemwonyesha mahali.
"Humo wapi?"
"Hapana, kaka. Hukuhesabiwa. Tulipima waliokuwepo darasani."

Hakukasirika. Akazungusha gurudumu,
akatega sikio linapogusa breki.
"Basi mmehesabu waliobaki," akasema,
akakaza spoku moja, robo mzunguko.

Kesho yake nilirudi na zile kadi ishirini.
Mahali pa upimaji: karakana.
Umri: sitini na moja.
Jina:
Hapo akanizuia. Akauliza kama inaruhusiwa
aiandike mwenyewe nafasi hiyo.
Nikampa penseli. Akaanza na M.
Nikatazama saa,
kisha nikaizima.