Kutoka Pemba Kufika Pemba

Ofisi ya Mkoani, saa tatu asubuhi.
Pedi ya mhuri imekauka, naitemea mate
(ndivyo tufanyavyo, serikali haijui),
nafungua fomu mpya.

Jina? Mwanassa Anli.
Umri? Ananionesha vidole, anasita,
anaongeza kimoja.
Utokako?
Pemba, anasema.

Afisa Shaame anainua kichwa kwenye gazeti.
Dada, Pemba ndiyo hii. Tunauliza utokako.
Pemba.
Andika kwamba anatukejeli.

Hatukejeli. Iko Pemba nyingine, kusini, Msumbiji,
ina bandari kama yetu, ina Ijumaa kama yetu.
Kiswahili chake kimelalia ubavu,
lakini nikisema maji anatazama mtungi,
nikisema mume anatazama sakafu.

Nikaandika:
Alikotoka, Pemba.
Alikofika, Pemba.
Ukiisoma karatasi utadhani
ni mtu aliyetoka chumbani kwenda ukumbini.
Kumbe baina ya mstari na mstari
mna nyumba iliyoungua na msahafu ndani,
mna siku kumi na moja za kula majani ya muhogo mabichi,
mna mashine ya boti iliyozimika usiku
na nahodha aliyetaka aongezwe pesa hapo hapo.
Fomu haina nafasi ya nahodha.
Ina kisanduku hiki: Idadi ya watoto ulionao.
Wawili, anasema.
Namwona mmoja, Sualehe, amelala mapajani mwake.
Nikaandika wawili. Sikuuliza tena.

Shaame si mtu mbaya, hilo nataka lieleweke.
Mtoto alipoamka alimnunulia andazi kwa fedha yake.
Lakini anao waraka umetoka Unguja:
wasio na vibali ni wahamiaji haramu,
warudishwe kwa boti ya Alhamisi.
Haramu.
Mimi neno hilo chuoni nilifunzwa
kwa nguruwe, kwa riba, kwa mali ya yatima.
Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki,
viatu vyake kavishika mkononi asichafue sakafu,
sikufunzwa.

Mgeni siku mbili, akasema Shaame, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu hatukumpa jembe.
Tulimpa kufuli.

Usiku nikamuuliza mama,
naye anachambua karafuu, vikonyo huku, karafuu huku:
Januari ile, tulipovuka kwenda Shimoni,
tuliandikwa na nani?
Hakuinua uso.
Kuandikwa kulikuja baadaye. Kwanza tulilishwa.
Alikuwako Bi Mejumaa, Mdigo wa watu, ana jamvi moja.
Akatutandikia sisi, yeye akalala mchangani.
Hakuniuliza chama.
Hakuniuliza nani aliyeanza, wala tutarudi lini.
Aliniuliza jambo moja tu:
huyu mwanao ala pilipili?

Huyo mwana ni mimi,
ninayekaa leo upande huu wa meza.

Jumatano nikaitoa fomu kwenye jalada.
Pale chini kabisa, walipouliza
Jamaa wa mwombaji aliyeko nchini,
nikajaza jina langu, Time Kombo Faki.
Uhusiano?
Kalamu ilisimama kidogo.
Watu wa Pemba, nikaandika,
na hapo sikudanganya herufi moja.

Shaame akasoma. Akasoma tena.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati,
akasema boti inaondoka saa moja unusu,
wala hakusema nani atapanda.
Fomu akaiweka chini ya gazeti. Mhuri hakugonga.
Sijui hiyo ni huruma au ni woga.
Serikalini vinavaa sare moja.

Jioni nikapeleka bakuli la muhogo wa nazi.
Nikainama penye nondo, nikamuuliza Mwanassa:
Mtoto ala pilipili?

Huyu hali, akanijibu.
Aliyekuwa akila ni yule mwenziwe.