Mti wa Nyumbani

Mbegu yake haina subira.
Ukiiokota leo chini ya mti pale Chimala,
imenye ute wake wa njano, ioshe, ianike kivulini,
na kabla mwezi haujageuka iwe imeshaingia udongoni.
Ukiisahau kwenye kopo, inakufa kimya kimya:
utazika kokwa, ukingoje mche.

Ikishaota, lakini!
Jua la Usangu la Oktoba, lile la kupasua visigino,
mwarobaini hulipokea kama salamu ya jirani.
Kokoto, magadi, udongo ulioshinda hata mtama,
haujali. Unazamisha mzizi mmoja mrefu, wa siri,
na mahindi yakijikunja kando yake
wenyewe umesimama, kijani kibichi.
Mbuzi wa Mwakifuna waliula wangu, ikabaki fimbo.
Wiki ya tatu fimbo ilikuwa na masikio.

Magonjwa arobaini, wanasema.
Mimi nimehesabu manne: upele, meno,
dumuzi wa ghalani, na kiburi,
maana kikombe cha majani yake humshusha yeyote.
Thelathini na sita nawaachia wenye kusema.

Dada yangu Tupokigwe aliolewa Matamba,
kule juu, baada ya kona hamsini na saba.
Akatuma neno: niletee mti wa nyumbani.
Nikapanda lori la viazi, mche mapajani,
masikio yakaziba kona ya ishirini,
kona ya arobaini nikauvika sweta.

Tukaupanda nyuma ya jiko.
Juni sakitu ikatua juu ya pareto,
asubuhi majani meusi, kama yamepitiwa na moto.
Wa pili, Julai.
Wa tatu haukuiona hata baridi:
dada aliumwagilia kutwa, kwa mapenzi,
na mti huu miguu ikilowa, huoza.

Usioogopa kiangazi wala mbuzi
ukauawa na huruma.

Tukaacha kubishana na mlima.
Sasa kila Jumamosi dereva hupandisha salfeti ya majani makavu,
hushusha debe la viazi.
Tupokigwe huyachanganya na maharage yake, yasitobolewe.
Anasema akifungua fundo tu
nyumba nzima inanuka Chimala: vumbi, uchungu, joto.
Hukaa hapo kidogo, mkono ndani ya mfuko.

Yeye alishika huko, sijui vipi.
Mwaka wa kumi na moja huu.
Sweta mbili, watoto wanne,
na bado hajazoea.